Mnada wa Japani: Wakala hukupa mkono, jicho ni lako

Kila Jumapili saa nne usiku mjini Tokyo, wakati Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi alasiri, minada mingi ya mtandaoni ya Japani huwa inafikia ukingoni. Saa za Seiko za miaka ya 1960, kamera za filamu, santuri, stempu, roboti za bati walizochezea watoto wa zamani, vikombe vya chai na picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao hupata wenyewe wapya ndani ya dakika chache. Miongoni mwa wanaoshinda wamo watu wasiosoma Kijapani, wasio na anwani Japani, na ambao hawajawahi kukanyaga nchi hiyo. Wanashinda kwa sababu kuna kampuni ya Kijapani inayotoa dau kwa niaba yao, inalipa, inapokea mzigo ghalani na kuusafirisha hadi mlangoni mwao. Huduma hiyo ni halali na ina thamani, na ada yake si kubwa. Hata hivyo, wapo wengi wanaoumia nayo, na wengi wao huumia kwa sababu moja: wanadhani wamemlipa wakala ili aamue, kumbe wamemlipa ili awafikishe mnadani. Anayeielewa tofauti hiyo hununua vizuri. Asiyeielewa hulipa mara mbili, kwanza kwa fedha, kisha kwa majuto.

Mlango uliofungwa na mwenye ufunguo

Tuanze na sababu ya mtu wa kati kuwepo. Yahoo! Japan ilifungua mnada wake wa mtandaoni Septemba 1999. Mwaka uliofuata eBay ya Marekani ikaingia nchini humo, na kufikia Machi 2002 ilikuwa imefunga virago. Tangu hapo soko la minada la Japani limekua kwa namna yake, kwa lugha yake na kwa ajili ya watu wake. Kujisajili kunahitaji namba ya simu ya Japani. Wauzaji wengi ni watu wa kawaida wanaofungasha kitu sebuleni na kukipeleka kwenye duka la jirani kitumwe ndani ya nchi. Kujaza fomu za forodha za nchi wasiyoijua hawataki, na huandika wazi kwamba hawatumi ng'ambo. Mambo yalibana zaidi Aprili 2022, Yahoo! Japan ilipositisha huduma zake nyingi kwa watumiaji walioko Uingereza na katika Eneo la Uchumi la Ulaya, hata kurasa zake zikawa hazifunguki huko. Mkusanyaji aliyeko London au Berlin leo hana njia ya kuuona mnada huo ila kupitia kwa wakala.

Kampuni kama Buyee, ZenMarket na From Japan zimejengwa juu ya pengo hilo. Zina akaunti, anwani, ghala na wafanyakazi wanaosoma Kijapani. Na utaratibu huu haukuzaliwa na intaneti. Wafanyabiashara wa sanaa wa Japani wana mikutano yao ya kuuziana ambayo asiye mwanachama haingii. Katika soko la samaki la Toyosu, jodari hushindaniwa na wenye leseni, na mwenye mgahawa hupitia kwao. Minada ya magari vilevile ni ya wanachama. Japani imezoea kwamba mnada una mlango, na kwamba asiye na ruhusa ya kuupita humtuma aliye nayo. Kwa hiyo anayesema wakala ni mnyonyaji aliyejipachika katikati hajaliangalia soko lenyewe. Bila wakala, biashara hii kwa mgeni isingekuwepo kabisa.

Mali inayotoka majumbani

Inafaa pia kuuliza kwa nini mali ni nyingi kiasi hicho. Karibu watu 3 katika kila 10 nchini Japani wana umri wa miaka 65 au zaidi. Takwimu za makazi za mwaka 2023 zilionyesha nyumba tupu zipatazo milioni 9. Nyuma ya idadi hiyo kuna wazee waliofariki au kuhamia kwenye nyumba za matunzo, na warithi wanaoishi mjini kwenye vyumba vidogo, wasio na pa kuweka kabati la babu lililojaa kalamu, sarafu na seti za chai. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kusafisha nyumba za marehemu na kuvipeleka vilivyomo mnadani. Isitoshe, Wajapani wana desturi ya kutunza kasha la awali, karatasi ya maelezo na hata risiti. Kwa mkusanyaji, kasha na karatasi vinaweza kuwa sehemu kubwa ya thamani ya kitu.

Sarafu nayo imechangia. Mwaka 2011 dola moja ya Marekani ilishuka hadi kununua takribani yeni 75. Katikati ya mwaka 2024 ilinunua zaidi ya 160, hali ambayo haikuwa imeonekana tangu 1986. Maana yake ni kwamba kitu cha yeni 10,000 kilichomgharimu mgeni zaidi ya dola 130 wakati ule kilikuja kumgharimu kama dola 62, ingawa bei yake kwa yeni haikuguswa. Hapo ndipo wengi walipoingia. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu bei inayoonekana ndogo humlegeza mtu asiulize maswali ambayo angeyauliza kwenye bei kubwa.

Bei ya mnada si bei ya kitu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mnunuzi wa mnada wa Japani lina mistari mingi kuliko anavyodhani. Tuchukue mfano wa kufikirika wa picha iliyoshinda kwa yeni 20,000. Kama muuzaji ni kampuni, kuna kodi ya matumizi ya Japani ya asilimia 10, na kwenye minada ya maduka madau mara nyingi hupigwa kabla ya kodi hiyo. Bei inakuwa 22,000. Kuituma kutoka kwa muuzaji hadi ghala la wakala, tuseme 1,000. Ada ya wakala, ambayo kwa kawaida ni yeni mia chache kwa kila kitu, tuiweke 500. Kuisafirisha nje kwa ndege ikiwa imefungwa kati ya mbao nyembamba au kadibodi ngumu, tuseme 4,000. Jumla ni 27,500. Ikifika Tanzania Bara au Uganda, ambako kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18, na tukikadiria kodi hiyo juu ya jumla yote, tunafika 32,450, kabla ya ushuru wa forodha ambao hutegemea kitu kimeorodheshwa kundi gani. Bei imepanda kwa zaidi ya asilimia 60, na katika nyongeza hiyo yote ada ya wakala ni mstari mdogo kuliko yote. Ongeza tofauti ndogo ambayo kampuni hujiwekea wakati wa kubadili sarafu, tozo ya kuunganisha vifurushi, na gharama ya kuhifadhi mzigo siku za bure zikiisha.

Mstari unaowashtua wengi zaidi ni wa usafiri. Kampuni za kimataifa za vifurushi hazipimi kilo tu. Hupima pia nafasi. Huzidisha urefu, upana na kimo cha kasha kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, kisha hutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Kasha la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 lenye mwanasesere wa kilo 3 hutozwa kama kilo 12. Posta ya Japani hutumia uzito halisi, ndiyo maana vitu vikubwa vyepesi mara nyingi huwa nafuu kwa EMS, huduma yake ya haraka ya kimataifa, pale inapopatikana. Haya yote mnunuzi anaweza kuyajua kabla ya kutoa dau, kwa sababu vipimo vya kasha mara nyingi vimo kwenye tangazo na mawakala wana vikokotoo vya gharama. Asipofanya hesabu hiyo, asimlaumu wakala. Wakala alitumwa kununua kitu, na akakinunua.

Funzo la magari na mahali linapokomea

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa maelfu yao wamekwisha kununua kwa wakala kutoka mnada wa Japani bila kuliita hivyo. Gari lililotumika linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi limepita kwenye minada kama ya USS, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1980, ambamo ni wanachama tu wanaoruhusiwa kununua. Msafirishaji aliye mwanachama hutoa dau, hulipa, kisha hukuuzia au hukutumia. Umbo la biashara ni lile lile: mnada wenye mlango, mwenye ruhusa, na mnunuzi aliye mbali.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayowaponza watu wanaohama kutoka magari kwenda kwenye vitu vya kukusanya. Kwenye mnada wa magari kuna jicho la tatu. Kabla gari halijauzwa, mkaguzi wa mnada wenyewe hulizunguka, hulifungua na kulijazia karatasi. Karatasi hiyo ina alama ya jumla, kama 4 au 3.5, au R kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Ina herufi ya hali ya ndani. Ina mchoro wa bodi uliojaa alama: A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, W kwa wimbi linaloachwa na ukarabati, na tarakimu ya kuonyesha ukubwa wa kasoro. Mkaguzi huyo si wa muuzaji wala si wa mnunuzi. Ndiyo maana mtu wa Kampala anaweza kununua gari asilolishika na bado akalala usingizi, mradi karatasi aliyotumiwa ni ya kweli na haikuchezewa njiani.

Kwenye mnada wa mtandaoni wa vitu vya kukusanya, jicho hilo kwa kawaida halipo. Tangazo limeandikwa na muuzaji mwenyewe, picha amepiga mwenyewe, na mtandao wenyewe haukishiki kitu hicho hata mara moja. Wakala naye hukiona tu kikishalipiwa na kufika ghalani. Hata ukaguzi wa ziada unaolipiwa, pale unapotolewa, kwa kawaida huishia kulinganisha mzigo na tangazo: idadi ni ile, rangi ni ile, hakuna kilichovunjika waziwazi. Uhalisi, umri na ubora wa chapa havimo. Mtu aliyezoea karatasi ya mkaguzi wa magari hudhani kuna mtu fulani mahali fulani amekwisha kukagua. Hakuna. Nafasi ya mkaguzi iko wazi, na ama mnunuzi aikalie mwenyewe, ama ibaki tupu.

Picha moja, umri tofauti

Ili uzito wa jambo hili uonekane, tutazame kitu kimoja kwa karibu. Mwaka 1925 msanii Kawase Hasui alitoa picha ya hekalu la Zojoji la Shiba, Tokyo: lango jekundu, theluji inayopigwa na upepo kwa upande, na mwanamke aliyejiinamia nyuma ya mwavuli. Mchapishaji wake alikuwa Watanabe Shozaburo. Moto uliofuata tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 ulikuwa umeteketeza duka la Watanabe pamoja na vibao na akiba yake ya picha, ndiyo maana picha za Hasui za kabla ya tetemeko ni adimu sana. Ya Zojoji ilikuja baada ya janga hilo, ikapendwa mno, na ikaendelea kuchapwa. Watanabe alifariki mwaka 1962, na nyumba yake ya uchapishaji ikaendelea na kazi chini ya familia.

Matokeo yake, leo mnadani unaweza kukuta picha mbili za Zojoji, zote zimechapwa kwa mkono kwenye karatasi ya Kijapani, na zote za Hasui kwa maana ya kweli ya neno hilo. Moja ikawa imechapwa miaka ya 1920, na ya pili baada ya 1989. Bei zake hazilingani hata kidogo. Pembeni yao ipo ya tatu iliyochapwa kwa mashine kutoka kitabu cha picha. Muuzaji anaweza kuandika "Hasui, Zojoji" juu ya zote tatu na asiwe amesema uongo. Kinachozitenganisha ni vitu vidogo: muhuri wa mchapishaji pembezoni, ambao umbo lake lilibadilika kadiri miaka ilivyopita, mgongo wa karatasi, ambako wino wa kazi ya mkono huwa umepenya na alama za kisugulio cha mchapaji huonekana, ukingo, kama umekatwa, doa la kahawia lililoachwa na fremu ya zamani, na rangi, kama jua limekwisha kuila. Mwenye kujua haya hutazama picha ya tangazo akauliza, mgongo uko wapi? Muhuri uko wapi? Kama havionyeshwi, huomba kupitia kwa wakala, maana baadhi ya mawakala hupeleka maswali ya mteja kwa muuzaji. Asipojibiwa, hutoa dau la chini kana kwamba ni chapa ya karibuni, au huacha.

Maelezo ya tangazo nayo yana desturi zake. Muuzaji akiandika kwamba yeye si mjuzi na kwamba mnunuzi aamue kwa kutazama picha, hiyo si aibu ya mtu mnyenyekevu, amejivua dhamana. Akiandika kwamba hapokei malalamiko wala marejesho, anamaanisha hivyo. Kamera au saa iliyowekwa kwenye kundi la vibovu huuzwa kama vipuri hata kama inang'aa, na lenzi ambayo ndani yake imeota ukungu haitakuwa mpya kwa kufutwa nje. Programu ya kutafsiri ya wakala hukupa maana ya jumla, lakini neno dogo linaloonyesha kwamba picha ni chapa ya marudio huweza kupotea humo. Kwa kila aina ya kitu, maneno ya hatari hayazidi kumi au kumi na tano. Kujifunza hayo kabla ya kununua ni kazi ya siku mbili tatu, na hakuna kampuni itakayoifanya kwa niaba yako kwa yeni 500.

Dau ni uamuzi, si mbio

Kuhusu dau lenyewe, uchumi ulishatoa jibu. Mwaka 1961 William Vickrey, ambaye baadaye, mwaka 1996, alishiriki Tuzo ya Nobel, alionyesha kwamba mnada ambao mshindi hulipa bei ya mpinzani wake wa karibu humfanya mtu asiwe na sababu ya kudanganya: njia bora ni kutaja kiasi kile kile unachoamini kitu kinastahili. Mfumo wa dau la juu wa minada ya mtandaoni unafanana sana na huo. Unataja kikomo chako, na mfumo hukupandisha hatua kwa hatua, juu kidogo tu ya anayekufuata. Minada mingi ya Yahoo! Japan pia hujiongeza dakika 5 kila dau linapoingia mwishoni, kwa hiyo hila ya kuvizia sekunde za mwisho haina nguvu kubwa. Kinachobaki ni uamuzi uliofanywa mapema, ukiwa umetulia: kiasi gani, gharama zote zikiwemo. Anayepandisha tena na tena kwa hasira ya kupitwa amekwisha kuacha kununua kitu. Anashindana na mtu asiyemjua. Na dau likishatolewa kwa wakala, kwa kawaida halirudi. Wakala akikataa kulipa kwa sababu wewe umeghairi, ni jina lake linalochafuka kwa muuzaji.

Wanaopinga wasikilizwe

Wapo wanaosema kwamba anayepokea fedha anapaswa kuwajibika kwa ukweli wa kitu. Hoja hiyo ina uzito wa kimaadili, na kampuni inayoficha masharti yake kwenye maandishi madogo inastahili lawama. Lakini tuipime. Ghala moja hupokea kalamu, gitaa, kimono, kadi za michezo na vyungu. Ili ithibitishe uhalisi, ingehitaji mabingwa wa kila fani, na ada isingekuwa yeni mia chache tena. Huduma ya namna hiyo ipo, nayo inaitwa duka. Mandarake, kwa mfano, hukagua vitu vya katuni na midoli, huvipanga kwa hali, huviuza na kuvituma nje ya Japani moja kwa moja. Wauzaji wa picha za mbao wenye majina hueleza umri wa chapa na kuusimamia. Bei zao ni za juu kwa sababu ndani yake mna jicho. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza, na kwa yeyote anayenunua kitu cha gharama kubwa, ni kwamba apitie kwanza kwa muuzaji mwenye dhamana. Mnada wa wakala unamfaa aliyekwisha kujua anachokitafuta. Rahisi huwa ghali kwa asiyejua.

Wengine hutegemea sheria. Ni kweli kwamba Japani ina sheria ya biashara ya vitu vilivyotumika ya mwaka 1949, inayomtaka mfanyabiashara wa mitumba apate kibali cha kamati ya usalama wa umma ya mkoa wake na kuwatambua wanaomuuzia. Ni sheria nzuri, na inachangia heshima ya soko hilo. Lakini lengo lake ni kuzuia mali ya wizi. Haiahidi kwamba sahani ni ya karne ya 18, wala haimgusi mtu binafsi anayeuza vya nyumbani kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la urithi. Je, si vibaya kwamba vitu vya taifa moja vinachukuliwa na wageni kwa sababu tu sarafu yake imeshuka? Swali hili Waafrika wana haki ya kuliuliza kuliko wengi. Jibu ni kwamba Japani yenyewe imeweka mipaka. Baada ya moto wa Januari 1949 kuharibu michoro ya ukutani ya hekalu la Horyuji, nchi hiyo ilitunga mwaka 1950 sheria ya kulinda mali za utamaduni, na hazina za taifa haziruhusiwi kuuzwa nje. Upanga wa kale lazima uwe na hati ya usajili, na kuupeleka nje kunahitaji hati ya idara ya utamaduni. Vinavyobaki huru ni vitu vilivyotengenezwa kwa wingi na kwa ajili ya kuuzwa, picha za mbao zikiwemo. Kuvinunua kwa haki na kuvitunza si uporaji.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho mkusanyaji wa Afrika Mashariki hapaswi kukigusa hata akikipata kwa bei ya kutupa: pembe za ndovu. Vinyago vidogo vya kuning'iniza kwenye mshipi wa kimono, mihuri ya majina na plektra za ala za nyuzi vilichongwa kwa pembe, na nyingi zilitoka bara letu. Kenya ilichoma tani 12 za pembe Julai 1989, na mwaka huo huo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai tembo wa Afrika awekwe kwenye daraja la juu la ulinzi la mkataba wa CITES, hatua iliyopiga marufuku biashara ya kimataifa. Ndani ya Japani soko la pembe halikufungwa, ingawa Yahoo! Japan ilipiga marufuku kuziuza kwenye mitandao yake kuanzia Novemba 2019. Bado vipo vitu vinavyotangazwa kwa majina ya kukwepa, kama "mfupa" au "pembe ya mnyama". Hapa tena wakala hatakuokoa: atakinunua, kisha ghala likikitambua litakataa kukituma, na kikipenya, forodha ya nyumbani itakushughulikia wewe uliyekiagiza. Jicho linalotakiwa hapa si la ujuzi tu. Ni la dhamiri.

Basi hukumu yangu ni hii. Huduma ya wakala wa mnada ni biashara ya haki, kwa sababu inauza kile inachosema inauza: akaunti, anwani, malipo, ghala na usafiri. Kosa huanza pale mnunuzi anapoipachika kazi ambayo haikuahidi. Unayetaka kuingia, chagua aina moja ya kitu na uisome kwa miezi kadhaa kabla ya kutoa dau. Fuatilia minada iliyokwisha, uone vitu kama hivyo viliuzwa kwa yeni ngapi. Andika gharama zote hadi mlangoni kwako, kisha weka kikomo na ukiheshimu. Tazama rekodi ya muuzaji, na soma hasa malalamiko, si sifa. Usipoonyeshwa mgongo, muhuri au ndani ya lenzi, hesabu kwamba kasoro iko hapo hapo. Wakala atanunua chochote utakachomwagiza. Kwa hiyo jifunze kwanza, ndipo uagize.